Sura ya Sita: Kuilinda Misuli Wanga Unapopunguzwa

Mtu anayeamua kupunguza ugali, wali, chapati, mihogo na sukari katika mlo wake huonywa mapema kwamba mwili ukikosa wanga utaigeukia misuli na kuila. Onyo hilo lina msingi katika fiziolojia, kwa kuwa zipo siku ambapo mwili huvunja protini zaidi ya kawaida baada ya wanga kuondolewa, lakini halitaji chanzo halisi cha hasara. Ushahidi uliokusanywa kwa takriban miaka mia moja unaonyesha kwamba misuli hupungua pale protini ya chakula inapokuwa pungufu au duni, pale nishati na madini yanapokosekana, na pale misuli yenyewe inapoachwa bila kazi. Mambo hayo humharibu mla wanga kama yanavyomharibu asiyeula. Kwa sababu hiyo, sura hii inachukulia kuondoa wanga kuwa nusu tu ya mpango wa lishe, na inaeleza nusu ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa.

Maana ya wanga kidogo, na kilo za wiki ya kwanza

Katika maandiko ya lishe, mlo huitwa wa wanga kidogo pale jumla ya wanga kwa siku inaposhuka chini ya gramu 130, na huitwa wa wanga kidogo sana, au mlo wa ketoni, inaposhuka chini ya gramu 50. Gramu 100 za unga wa mahindi hubeba karibu gramu 75 za wanga, hivyo sahani moja ya ugali uliosongwa kwa gramu 150 za unga inakaribia kumaliza kiwango cha siku nzima cha kundi la kwanza, na imepita mara mbili kiwango cha kundi la pili.

Wanga ambao haukutumika mara moja huwekwa akiba katika ini na misuli kwa umbo la glikojeni, yaani minyororo ya glukosi iliyofungamanishwa. Ini la mtu mzima huhifadhi takriban gramu 100 na misuli yote kwa pamoja gramu 400 hadi 500, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na karibu gramu 3 za maji. Wanga unapopunguzwa, akiba hushuka na maji yake hutoka. Wakati huohuo kiwango cha insulini katika damu hupungua, na figo, ambazo huzuia sodiamu kwa msukumo wa homoni hiyo, huanza kuitoa sodiamu kwa wingi zaidi pamoja na maji mengine. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza kilo 2 au 3 katika wiki ya kwanza bila kuwa amepoteza kilo hata 1 ya mafuta wala ya nyama ya misuli.

Jambo hili lina madhara mawili katika fikra. La kwanza ni furaha isiyo na msingi, kwa kuwa kilo hizo hurudi mara wanga unaporudi. La pili ni hofu isiyo na msingi, kwa kuwa mikono na mapaja huonekana kusinyaa, na hata mashine zinazopima mgawanyo wa mwili huyahesabu maji ya glikojeni kuwa sehemu ya tishu isiyo mafuta na kutangaza kwamba misuli imepungua. Kipimo cha siku za mwanzo, kwa hiyo, hakifai kuwa ushahidi wa upande wowote.

Ubongo, ini na hesabu ya protini

Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku. Akiba ya glikojeni ya ini huweza kukidhi haja hiyo kwa siku moja tu au pungufu, na baada ya hapo ini huanza kuunda glukosi kutokana na vitu visivyo wanga, kazi ambayo wanasayansi huiita glukoneojenesisi. Malighafi yake ni gliseroli inayotoka kwenye mafuta, asidi laktiki inayorudishwa kutoka kwenye misuli na seli nyekundu za damu, na asidi amino, yaani vijenzi vidogo vinavyounda protini. Ni asidi amino hizi ndizo zinazoipa nguvu hoja kwamba misuli italiwa.

Lakini hoja hiyo ikichukuliwa peke yake huishia kwenye hesabu isiyowezekana. Gramu 100 za protini huweza kutoa takriban gramu 55 hadi 60 za glukosi, na kilo 1 ya misuli, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, ina karibu gramu 200 za protini. Iwapo ubongo ungelishwa kwa protini tupu, mtu mwenye njaa angepoteza karibu kilo 1 ya misuli kila siku, na mwenye uzito wa kilo 70, ambaye misuli yake ni kama kilo 28, asingefikisha mwezi. Ukweli ni kwamba binadamu huweza kuishi bila chakula muda mrefu kuliko huo, na sababu yake ilibainishwa mjini Boston katika miaka ya 1960 na George Cahill pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1967, wagonjwa watatu wenye unene uliokithiri walifunga kula kwa zaidi ya wiki tano chini ya uangalizi wa hospitali, na damu inayoingia na kutoka katika ubongo wao ikapimwa. Ilibainika kwamba kiasi kikubwa cha nishati ya ubongo, karibu theluthi mbili, hakikutoka tena kwenye glukosi bali kwenye ketoni, ambazo ni molekuli ndogo zinazoundwa na ini kutokana na mafuta. Vipimo vya mkojo vya timu hiyo vilithibitisha matokeo ya badiliko hilo kwa misuli. Protini inapovunjwa, naitrojeni yake hutolewa kwa mkojo, na kila gramu 1 ya naitrojeni huwakilisha takriban gramu 6.25 za protini. Katika siku za mwanzo za kufunga mtu hutoa karibu gramu 12 za naitrojeni kwa siku, sawa na gramu 75 za protini, ilhali baada ya wiki tano kiasi hicho hushuka chini ya gramu 5. Mwili, kwa maneno mengine, hujifunza kutumia mafuta ili kuisitiri protini.

Mafunzo mawili hutokana na utafiti huo. Kwanza, mwili una njia yake ya kuikinga misuli wanga unapokosekana. Pili, kinga hiyo haifiki mara moja, bali huchukua wiki kadhaa kukamilika, na kipindi cha kati ndicho chenye hatari. Utafiti ulioongozwa na Kevin Hall nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafungia wanaume 17 wenye uzito mkubwa katika wodi ya utafiti, wakala kwa wiki nne mlo wenye wanga mwingi, kisha kwa wiki nne mlo wa ketoni wenye nishati ileile na protini ileile ya asilimia 15. Mwili uliongeza matumizi ya protini mlo ulipobadilishwa, na tishu isiyo mafuta ikapungua. Anayebadili mlo, basi, hapaswi kubaki na kiasi kilekile cha protini alichokuwa akila zamani; anapaswa kukiongeza tangu siku ya kwanza.

Wapo wanaohofia pia kwamba kushuka kwa insulini kutaifungulia misuli mlango wa kuvunjika, kwa kuwa homoni hiyo huzuia uvunjaji wa protini. Hofu hiyo hupungua inapofahamika kwamba kiwango kidogo cha insulini kinatosha kwa kazi hiyo, na kwamba protini yenyewe inapoliwa huamsha insulini ya kutosha hata bila wanga.

Kiasi cha protini na ubora wake

Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2007, iliweka kiwango salama cha protini kwa mtu mzima kuwa gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kiwango hicho kimekusudiwa kumkinga mtu mwenye afya anayekula nishati inayomtosha. Hakikukusudiwa mtu anayepunguza uzito, wala anayejenga misuli, wala mzee aliyetoka kuugua.

Kwa makundi hayo kiasi kikubwa zaidi kinahitajika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 49 zenye washiriki 1,863 waliofanya mazoezi ya nguvu, ulionyesha kwamba faida ya kuongeza protini ilifika kikomo, kwa wastani, katika kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo kwa siku. Mtu anapokula nishati pungufu, kiasi cha juu zaidi huweza kusaidia. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwapunguzia vijana 40 wa kiume asilimia 40 ya nishati waliyohitaji kwa wiki nne, huku wakiwafanyisha mazoezi makali. Nusu yao walipewa protini gramu 1.2 kwa kilo na nusu gramu 2.4. Kundi la kwanza lilibaki na misuli yake na kupoteza kilo 3.5 za mafuta, ilhali la pili liliongeza kilo 1.2 za tishu isiyo mafuta na kupoteza kilo 4.8 za mafuta. Makundi yote mawili yalikula wanga. Kilichoyatenganisha ni protini.

Kwa mtu wa kilo 70, gramu 1.6 kwa kilo ni gramu 112 kwa siku. Kiasi hicho kinapatikana kwa mayai matatu, glasi ya maziwa mgando na gramu 30 za karanga asubuhi, ambavyo kwa pamoja hutoa karibu gramu 34. Mchana huongezwa kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 150, chenye karibu gramu 36. Jioni huongezwa gramu 150 za nyama ya kuku, zenye karibu gramu 42. Mgawanyo wa namna hiyo ni bora kuliko kuirundika protini yote katika mlo mmoja wa jioni, kwa sababu ujenzi wa misuli huchochewa na kupanda kwa asidi amino katika damu, hasa ile iitwayo lusini, na mchocheo huo hudumu kwa saa chache tu. Dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wanastahili kutajwa kipekee, kwa kuwa ni chakula cha bei nafuu kinachowafaa wengi wasiomudu nyama kila siku.

Ubora wa protini ni muhimu sawa na wingi wake. Katika miaka ya 1970 nchini Marekani watu wengi walijipunguza unene kwa kunywa dawa za maji zilizotengenezwa kwa kolajeni, yaani protini ya ngozi, kano na mifupa ya wanyama, bila chakula kingine. Makumi kati yao walifariki ghafla kwa hitilafu za moyo, ambao nao ni msuli. Kolajeni haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujiundia, na wengi wa watumiaji hao hawakupata potasiamu na madini mengine ya kutosha. Funzo hilo lina uzito Afrika Mashariki, ambako supu ya kongoro na ya mifupa husifiwa kwa kuujenga mwili. Supu hiyo ni chakula kizuri, lakini protini yake kwa sehemu kubwa ni kolajeni, hivyo haiwezi kushika nafasi ya nyama, samaki, mayai au maziwa.

Maharage, kunde na dengu huleta ugumu wa aina nyingine. Gramu 200 za maharage yaliyopikwa hutoa takriban gramu 17 za protini pamoja na wanga usiopungua gramu 40, ingawa sehemu yake ni nyuzinyuzi zisizogeuka kuwa glukosi. Asiyekula nyama wala samaki hawezi kwa urahisi kufuata mlo wa ketoni na kupata protini ya kutosha kwa wakati mmoja. Kwake yeye ni busara zaidi kubaki katika kiwango cha wanga kidogo cha kawaida, akiondoa sukari, unga na mchele, kuliko kuyaacha maharage kwa ajili ya kutimiza namba.

Mafuta, chumvi na potasiamu

Kosa linalowakumba wengi ni kupunguza wanga na mafuta kwa pamoja, wakidhani kwamba kila kinachopunguzwa kinaongeza faida. Matokeo yake ni njaa, na mwili wenye njaa huitumia protini ya chakula kuwa nishati badala ya kuijengea misuli, jambo lililo sawa na kung'oa boriti za nyumba ili kuwashia jiko.

Ushahidi wa zamani wa jambo hili unatoka New York. Mwaka 1928, Vilhjalmur Stefansson, msafiri aliyekuwa ameishi miongoni mwa Wainuiti wa Aktiki, alikubali pamoja na mwenzake Karsten Andersen kula nyama tupu kwa mwaka mzima, wakianza chini ya uangalizi wa madaktari wa Hospitali ya Bellevue. Stefansson alipopewa nyama isiyo na mafuta mwanzoni mwa jaribio, alipata kichefuchefu na kuhara ndani ya siku chache, na akapona alipoongezewa mafuta. Kwa muda uliobaki watu hao walikula takriban gramu 100 hadi 140 za protini kwa siku, kiasi cha wastani tu, na sehemu kubwa ya nishati yao ikatoka kwenye mafuta. Waliumaliza mwaka wakiwa na afya njema. Ini lina kikomo cha naitrojeni linayoweza kuigeuza urea kwa siku, kwa hiyo protini haiwezi kushika nafasi ya mafuta na wanga kwa wakati mmoja. Nazi, parachichi, karanga, samaki wenye mafuta na mafuta ya alizeti ni sehemu halali ya mpango.

Madini nayo yana nafasi yake. Sodiamu inayotoka kwa mkojo katika wiki za mwanzo ikikosa kufidiwa, figo hujaribu kuibakiza iliyopo kwa kuitoa potasiamu, na potasiamu ndiyo madini makuu ndani ya seli za misuli. Uchovu, kizunguzungu, mkakamao wa misuli na udhaifu ambao watu huuhesabu kuwa dalili ya kukosa wanga aghalabu ni dalili ya kukosa chumvi na maji. Supu yenye chumvi ya kiasi, mchicha, kisamvu, sukuma wiki na parachichi hutosha kwa mtu mwenye afya. Mwenye shinikizo la juu la damu hapaswi kuongeza chumvi bila ushauri wa daktari.

Kazi ya misuli

Hakuna kiasi cha protini kinachoweza kuulinda msuli usiotumika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya kwa siku 10, wakila chakula cha kawaida chenye wanga na kiasi cha protini kinachopendekezwa, nao wakapoteza karibu kilo 1 ya tishu isiyo mafuta kutoka miguuni peke yake. Wanga waliokula haukuwasaidia, kwa kuwa msuli huhifadhiwa kwa kadiri unavyodaiwa kazi.

Mazoezi yanayofaa ni yale ya nguvu, ambayo humlazimu mtu kusukuma, kuvuta au kuinua uzito unaokaribia kumshinda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mazoezi ya namna hiyo kwa makundi makubwa ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Vifaa vya ghali si sharti: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kupanda ngazi na mzigo, na kuinua ndoo ya maji au mfuko wa mchanga hufaa, mradi ugumu uongezwe polepole mwili unapozoea. Kutembea na kukimbia ni kwema kwa moyo, lakini hakuchukui nafasi ya mazoezi haya.

Mipaka ya lishe hii

Katika utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, wanaume 12 wenye uzito wa kawaida waliokula wanga wa asilimia 8 tu ya nishati yao kwa wiki sita walipunguza kilo 3.4 za mafuta na kuongeza kilo 1.1 za tishu isiyo mafuta. Nchini Italia, wanamichezo 8 wa jimnastiki wa kiwango cha juu waliofuata mlo wa ketoni wenye protini nyingi kwa siku 30 walipoteza mafuta bila kupungukiwa na nguvu, kama ilivyoripotiwa mwaka 2012. Kwa kusudi la kuhifadhi misuli, basi, lishe hii inatosha.

Kwa makusudi mengine haitoshi vilevile. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2018, uliowahusisha wanaume 24 wazoefu wa mazoezi ya nguvu, uliona kwamba baada ya wiki nane waliokula mlo wa ketoni walipunguza mafuta lakini hawakuongeza misuli, ilhali waliokula wanga waliiongeza. Nchini Australia, Louise Burke na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba wanariadha wa mashindano ya kutembea, waliozoeshwa mlo wa ketoni kwa takriban wiki tatu, waliunguza mafuta kwa wingi usio wa kawaida, lakini mwendo wao ulihitaji oksijeni zaidi na hawakuboresha muda wao wa kilomita 10, tofauti na wenzao waliokula wanga. Kasi kubwa na nguvu ya ghafla hutegemea glikojeni, kwa kuwa mafuta hayawezi kuunguzwa haraka kiasi hicho. Mkimbiaji wa mashindano au anayetaka kuongeza misuli kwa wingi ana sababu nzuri ya kurudisha wanga kiasi, hasa karibu na saa za mazoezi.

Wapo pia ambao hawapaswi kuanza peke yao. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho anaweza kushukiwa na sukari kwa hatari, na dozi yake hupaswa kurekebishwa na daktari mapema; mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kuongeza protini bila vipimo; na mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji uangalizi wa mtaalamu.

Maendeleo hayapimwi kwa mizani pekee. Kiuno kikipungua huku mzingo wa paja na mkono ukibaki ulivyo, na mtu akiendelea kuinuka kitini bila kushika popote na kubeba mzigo aliouweza mwezi uliopita, kinachopotea ni mafuta. Uzito ukishuka pamoja na nguvu baada ya wiki za mwanzo kupita, kitu cha kwanza kuchunguzwa ni protini, kisha nishati na chumvi, kisha mazoezi, kabla ya kuulaumu upungufu wa wanga.

Ushauri wa kupunguza wanga hutolewa siku hizi katika kliniki, misikitini, makanisani na katika simu za watu, na mara nyingi hukomea kwenye orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Ushauri wa namna hiyo haujakamilika. Mzee anayeambiwa aache ugali, naye akabaki na mboga na chai ya rangi, atapungua uzito na sukari yake huenda ikashuka, lakini atakuwa amelipa kwa miguu inayombeba. Yeyote anayemwondolea mtu chakula sahanini anawajibika kumtajia kitakachoshika nafasi yake, kwa kiasi kinachojulikana na kwa bei anayoimudu, na kumwonyesha kazi ambayo misuli yake itafanya kila wiki.